Kipimo Kabla ya Dawa: Jinsi Tanga Ilivyoujua UKIMWI

Historia rasmi ya UKIMWI nchini mwetu huanza na sentensi ambayo kila mwanafunzi wa afya ya jamii ameikariri: wagonjwa watatu wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 hapakuwa na mkoa wa Tanzania Bara ambao haujatoa taarifa ya mgonjwa. Zanzibar nayo ilitoa taarifa ya wagonjwa wake wa kwanza mwaka huo huo wa 1986. Hiyo ni historia ya virusi: vilionekana wapi kwanza, vikafika wapi baadaye. Iko historia ya pili ambayo huandikwa mara chache, nayo ni historia ya kujua. Nani alijua, lini, kwa njia ipi. Na kwa nini watu waliokwisha kuelezwa kila kitu kuhusu ugonjwa huu walikataa, kwa miaka mingi, kujua jambo moja tu, yaani hali zao wenyewe?

Viongozi wetu walilijibu swali hilo kwa neno rahisi: ujinga. Watu waelimishwe. Mimi naona tofauti. Hofu ya kupima ilikuwa hesabu ya mtu mwenye akili timamu. Aliyepima mwaka 1992 aliambiwa jambo ambalo hakuwa na la kulifanyia, isipokuwa kulificha. Watanzania walianza kukubali kujua pale kujua kulipoanza kuwa na faida, na faida hiyo ililetwa na dawa, hotuba ikifuata nyuma. Nitaueleza mwenendo huo nikitazama zaidi Tanga, kwa kuwa huko mambo yalichukua sura ambayo mikoa mingine haikuipata.

Tuanze lakini Kagera, kwa sababu ndiko jina lilikotangulia kipimo. Vita vya mwaka 1978 na 1979 viliacha mpaka uliofunguka, maduka matupu na biashara ya magendo iliyokuwa ikiwatajirisha vijana kwa kasi ambayo mashamba ya migomba na kahawa hayangeweza kushindana nayo. Miongoni mwa bidhaa zilizovushwa kutoka Uganda kulikuwa na nguo iliyoitwa Juliana. Vijana walionunua na kuuza Juliana ndio walioanza kukonda na kufa, na ugonjwa ukaitwa Juliana. Ng'ambo ya mpaka, wilayani Rakai, watu waliuita Slim kwa namna ulivyowamaliza nyama mwilini, na jina hilo likaingia katika jarida la The Lancet mwaka 1985. Tunawacheka wazee waliodhani ugonjwa uko ndani ya kitambaa. Lakini jina Juliana lilikuwa limeshika jambo la kweli: ugonjwa ulifuata njia ya biashara, ya safari na ya fedha inayobadilishana mikono usiku. Jina liliuona msafara, ingawa halikuweza kuona kilichobebwa. Virusi vyenyewe vilitambuliwa mjini Paris mwaka huo wa 1983, na kipimo cha damu kikapatikana mwaka 1985.

Tanga ilikuwa na njia zake, nazo zilikuwa za zamani zaidi. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge, na mwaka huo huo ujenzi wa reli kutoka bandarini ukaanza. Kwa miongo saba iliyofuata mkonge uliwavuta wanaume kutoka Kigoma, Burundi, Songea na Msumbiji, wale tuliowaita manamba. Kuanzia mwaka 1944 kulikuwa hata na chombo maalumu cha wenye mashamba, SILABU, cha kuwaandikisha na kuwasafirisha. Waliletwa kama mikono. Wake wengi walibaki nyumbani, na kambi zikajengwa kwa hesabu hiyo. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa. Miaka thelathini baadaye ilibaki sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, na watu waliokuwa wakiishi kwa mshahara wa mkonge wakawa wanaishi kwa vibarua, uchuuzi, bandari na barabara. Mitaa kama Mabawa, Makorora na Ngamiani ni watoto wa historia hiyo: watu wa makabila mengi, nyumba za vyumba vya kupanga, ndoa za mbali na mapato ya siku. Kumlaumu mtu wa mtaani kwa "tabia" bila kuitazama ramani hii ni uvivu wa fikra, na uvivu huo ulijaa katika mabango yetu ya miaka ya 1980 na 1990, yenye mafuvu na majeneza.

Mabango hayo yalikuwa sahihi kuhusu njia za maambukizi, na ni haki kusema hivyo. Virusi vya UKIMWI ni dhaifu nje ya mwili. Havisafiri kwa hewa, sahani, choo, kumbatio wala mbu. Hupita katika damu, shahawa, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Hivyo huambukiza kwa kujamiiana bila kinga, kwa damu isiyopimwa, kwa sindano au wembe wenye damu ya mtu mwingine, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonyesha. Pasipo kinga yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama mwenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Mtu aliyeambukizwa anaweza kukaa miaka minane au kumi akiwa na nguvu zake zote, huku chembe za kinga ziitwazo CD4 zikipungua kimyakimya, mpaka kifua kikuu, utando mweupe mdomoni au homa ya uti wa mgongo vitakapotangaza kilichokuwa kikiendelea. Muda huo mrefu wa ukimya ndio ulioufanya ugonjwa huu kuwa mgumu kuaminika. Mtu aliyeumwa leo aliambukizwa katika maisha mengine, pengine katika mji mwingine.

Sasa mtazame mkazi wa Mabawa aliyeanza kuharisha na kukonda mwaka 1992. Alikuwa na sehemu mbili za kwenda. Ya kwanza ilikuwa Bombo, hospitali ya mkoa iliyo kando ya bahari, yenye jengo la Wajerumani ambalo hata leo wageni hulipiga picha. Huko damu iliweza kupimwa. Baada ya hapo kulikuwa na dawa ya kuhara, dawa ya kifua kikuu ikiwapo, na ushauri wa kula vizuri. Mwaka 1993 Serikali, iliyokuwa katika masharti ya kurekebisha uchumi tangu mwaka 1986, ikaanza utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama hospitalini, kwa hiyo hata huo ushauri wa kula vizuri ulimfikia mtu akiwa amekwisha kulipia. Daktari aliyejua jibu mara nyingi hakulisema waziwazi. Aliandika kifupisho katika faili na kumwita ndugu kando. Sioni kwamba tunapaswa kumhukumu sana. Alikuwa ameshika kipimo bila kuwa na tiba.

Sehemu ya pili ilikuwa kwa mganga. Na hapa ndipo Tanga ilipofanya jambo la pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahudumu wa afya wa mkoa huu walianza kuzungumza na waganga wa tiba asili wa Pangani na Tanga mjini, kwa sababu waliona wazi kuwa wagonjwa walikuwa wakienda huko kwanza, na wengine wakirudi na nafuu ya upele, kuhara na kukosa hamu ya chakula. Katika mazungumzo hayo likazaliwa shirika la Tanga AIDS Working Group, maarufu kwa kifupi cha TAWG. Wahudumu wake waliwafuata wagonjwa majumbani na wodini wakiwa na dawa za mitishamba walizoelekezwa na waganga, na maelfu walihudumiwa hivyo. Waganga nao walifundishwa jinsi virusi vinavyoambukiza, wembe mmoja kwa mtu mmoja wakati wa kuchanja chale, na dalili ambazo wakiziona wampeleke mgonjwa hospitali.

Ninawajua wanaharakati ambao huona haya kidogo kuitaja sura hii, kana kwamba ni kukiri ushirikina. Mitishamba ile haikuua virusi, na hakuna mtu makini leo anayedai hivyo. Ilipunguza mateso ya magonjwa nyemelezi, na zaidi ya hapo ilimpa mhudumu sababu ya kubisha hodi. Mgonjwa aliyejitambulisha alipata kitu mkononi. Katika miaka ambayo kujulikana kuwa na UKIMWI kulimletea mtu kufukuzwa chumba na kutengewa sahani, huyu aliyejulikana na TAWG alipata mgeni anayeketi naye na dawa ya kuweza kula. Kama kuna chuo cha ushauri nasaha kilichoanzishwa bila jengo, ni hicho. Mjini Dar es Salaam, tangu mwaka 1989, shirika la WAMATA lililoanzishwa na Theresa Kaijage lilikuwa likifanya kazi ya aina hiyo kwa familia za wagonjwa, bila dawa ya kienyeji wala ya kizungu.

Elimu haikuwa bure, nisije nikaeleweka vibaya. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, na dereva wa lori aitwaye Mkwaju akawa gumzo la nchi. Watafiti waliolinganisha maeneo yaliyosikia mchezo huo na Dodoma, ambako haukurushwa kwa miaka miwili ya mwanzo, waliona tofauti katika matumizi ya kondomu. Mkoani Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, utafiti ulionyesha kuwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Angalia lakini: hata hapo kilichofanya kazi ni huduma, dawa ya kisonono na kaswende ikiwa kabatini.

Kuhusu kujipima, elimu ilishindwa. Mwaka 2001 vituo vya ANGAZA vilianza kutoa upimaji wa hiari pamoja na ushauri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 hadi 2004, uliokuta asilimia 7 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiishi na VVU, ulikuta pia kuwa karibu kila mtu amesikia habari za UKIMWI. Waliowahi kupima na kupewa majibu walikuwa takriban asilimia 15. Vijana walikuwa wamekwisha kutengeneza hata kirefu chao cha neno AIDS: Acha Iniue Dogedoge Siachi. Wazee waliuona utani huo kuwa ni upotovu. Kwangu mimi ni sauti ya watu waliofundishwa habari za kifo kwa miaka kumi na mitano bila kuonyeshwa mlango wa kutokea.

Mlango ulikuwapo, ila nje ya nchi. Tangu mwaka 1996 mchanganyiko wa dawa tatu ulikuwa ukiwainua wagonjwa vitandani Ulaya na Marekani. Dawa hizo huzuia virusi kujinakili ndani ya chembe za kinga. Haziviondoi mwilini, huvifubaza, na CD4 hupata nafasi ya kurudi. Bei yake ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwezi Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuziuza kwa dola 350 kwa mashirika ya misaada, na hoja kwamba Mwafrika hawezi kutibiwa ikaanza kukosa miguu. Mfuko wa Dunia ulianza mwaka 2002. Mpango wa Marekani wa PEPFAR ukatangazwa Januari 2003. Kwa upande wetu Rais Mkapa alikuwa ametangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwishoni mwa mwaka 1999, na TACAIDS ikapewa sheria yake mwaka 2001. Mwezi Oktoba 2004 dawa za ARV zilianza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma.

Kilichofuata kinaonekana katika tarakimu. Utafiti wa mwaka 2007 hadi 2008 ulikuta wanawake 37 na wanaume 27 katika kila 100 wamewahi kupima na kupata majibu. Ule wa mwaka 2011 hadi 2012 ulikuta 62 na 47. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe walipima hadharani Mnazi Mmoja na kuanzisha kampeni ya kitaifa, na sifa hiyo wanastahili. Ila kampeni ile isingewezekana mwaka 1997, kwa kuwa rais angekuwa anawaita wananchi waje wachukue habari mbaya na kurudi nazo nyumbani.

Katika tarakimu hizo lipo pengo ambalo halijazibwa hadi leo, lile la wanawake na wanaume. Wanawake wengi hawakwenda kupima. Walikwenda kliniki ya wajawazito, na kipimo kikawakuta huko. Faida ilikuwa wazi: mama akitumia dawa ipasavyo, hatari kwa mtoto hushuka chini ya asilimia 5. Lakini kwa njia hiyo tuliwafanya wanawake kuwa wapokeaji wa habari za nyumba nzima. Mume husoma hali yake katika kadi ya mkewe, na wengi huamini kuwa jibu la mke ndilo lao, jambo ambalo si kweli hata kidogo, kwa kuwa wapo wenza wengi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana. Mwanamke aliyeleta habari ndiye pia aliyeshutumiwa kuleta ugonjwa. Mabawa, kama kwingineko pwani, talaka ni rahisi, na chumba cha kupanga ni cha yule anayelipa kodi.

Mwaka 2011 ukaja mtihani wa ajabu. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa kijiji cha Samunge, Loliondo, alitoa kikombe kwa shilingi 500, na nchi nzima ikapanga foleni, viongozi wakiwamo. Wapo walioacha ARV zao. Wenye dharau walisema tumerudi nyuma. Mimi nakumbuka kuwa kikombe kile kiliahidi kitu ambacho kliniki haijaweza kuahidi mpaka leo: kumaliza. Dawa ya kila siku kwa maisha yote ni mzigo, na aliyeubeba anaruhusiwa kuuchoka.

Mzigo huo hata hivyo umepungua kuliko wengi wanavyojua. Mwanzoni dawa ilitolewa kwa aliyekuwa na CD4 chini ya 200, yaani aliyekwisha kudhoofu. Kiwango kikapanda hadi 350, kisha 500, na tangu mwishoni mwa mwaka 2016 kila anayekutwa na VVU huanzishiwa mara moja. Sababu ya pili ya uamuzi huo ni kinga. Mwaka 2011 utafiti wa kimataifa ulionyesha kuwa kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96, na tafiti zilizofuata zikathibitisha kuwa mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa hadi kutoonekana katika kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Kwa wasio na virusi kuna kondomu, na kwa walio katika hatari kubwa kuna kidonge cha kinga cha kumeza kabla. Tohara, ambayo majaribio ya Kisumu, Rakai na Afrika Kusini yalionyesha humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, haikuhitaji kampeni huku pwani, jando lilitangulia. Kipimo chenyewe sasa ni tone la damu ya kidoleni na kusubiri dakika zisizofika thelathini, ingawa aliyejiweka hatarini wiki iliyopita atapaswa kurudia, kwa sababu mwili huchukua wiki kadhaa kutengeneza kinachopimwa.

Sheria imekwenda kwa mwendo wa kusitasita. Ile ya mwaka 2008 ilikataza unyanyapaa na kulinda siri ya mpimaji, na papo hapo ikaweka kifungo kwa anayeambukiza kwa makusudi, kifungu ambacho mtu asiyejua hali yake hawezi kukivunja. Ukitaka kumpa mtu sababu ya kutopima, mwandikie hiyo. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe na kijana wa miaka 15 kupima bila idhini ya mzazi. Hapo Bunge lilifanya kazi nzuri. Kati ya sheria hizo mbili, Februari 2017, Wizara ilisimamisha vituo 40 vilivyokuwa vikihudumia makundi yaliyo katika hatari zaidi kwa hoja ya maadili. Tofautisha na ilivyofanyika kwa waraibu wa heroini, janga ambalo Tanga inalijua kwa majina ya watoto wake: Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011, na siku hizi Bombo nako ipo. Anayekuja kila asubuhi kunywa dozi yake hupimwa VVU, kifua kikuu na homa ya ini papo hapo, bila kuhubiriwa.

Utafiti wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima wakiishi na VVU. Kati yao, asilimia 82.7 walijua hali zao. Kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa katika dawa. Na kati ya hao, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Zisome tarakimu hizo taratibu. Anayejua hutibiwa, na anayetibiwa hupona makali. Upungufu wote umekaa katika hatua ya kwanza, ya kujua, palepale ulipokuwa mwaka 1992, tofauti ikiwa kwamba sasa wasiojua ni wachache na wamejificha zaidi: wanaume, vijana, watu ambao kituo chao kilifungwa.

Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Ruhusa ya kuendelea na dawa za kuokoa maisha ilitolewa baadaye kwa masharti, lakini wiki zile zilitosha kutuonyesha nani amekuwa akilipia nini. Mjadala wetu tangu hapo umekuwa kuhusu vidonge, na ni sawa uanzie hapo. Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI, uliowekwa kisheria mwaka 2015, uliundwa kwa ajili ya siku kama hizo. Kidonge kina mtetezi, kwa sababu kikikosekana kabati huonekana tupu. Asiye na mtetezi ni yule mhudumu wa jamii, mara nyingi naye anaishi na VVU, anayepewa posho na nauli ya kwenda Mabawa kumtafuta aliyekosa kliniki Jumanne, na kumshawishi mume wake apime. Katika vitabu vya bajeti za halmashauri mstari wake ni mdogo na uko mbali na ule wa dawa. Ndugu zangu watumishi mnaosoma hapa mnaujua ulipo, na mnajua fedha yake ilikuwa ikitoka wapi.